Kiwanja kiko Mwanakwerekwe, fedha ziko Hazina

Vijana wenzangu,

Nimeombwa nizungumze juu ya kodi. Najua neno hilo likitajwa barazani wengine huanza kutafuta viatu. Kaeni kitako, maana kodi ninayoisema imo katika ule mkataba wako ulioukunja ukauweka chini ya godoro.

Wewe uliyedunduliza miaka ukanunua kiwanja, umenunua nini khasa? Ardhi hukununua. Ilitaifishwa mwaka 1964, na Sheria Namba 12 ya 1992 inasema ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Ulichohamishiwa ni haki ya kuitumia. Uhamisho huo, ukifuata sheria, unalipiwa ushuru wa stempu. Anayekusanya ni Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ile iliyokuwa ikiitwa Bodi ya Mapato. Fedha zinaingia Hazina.

Fedha zinaingia Hazina. Maji je, yanaingia wapi?

Mnaikumbuka masika ya 2017, maji yalivyojaa barabarani hapa Mwanakwerekwe. Kila kiwanja kinachouzwa kinazaa paa, kila paa linamwaga maji, na mabonde yaliyokuwa yakiyanywa maji hayo tumeyajengea. Mwaka 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulihesabiwa watu 593,678. Mwaka 2022 wakawa 893,169. Karibu laki tatu zaidi kwa miaka kumi! Wote wanataka njia, mtaro na taa.

Wakadai kwa nani? Kwa diwani. Na diwani ana nini? Manispaa inaishi kwa ushuru wa soko, leseni, ada na ruzuku. Yaani mama muuza mchicha anachangia mtaro kila siku, lakini ushuru wa kiwanja cha mamilioni unapita juu ya vichwa vyetu.

Mitaro mikubwa ya mji tuliichimba kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mradi wa ZUSP ulioidhinishwa mwaka 2011 kwa dola milioni 38, ukaongezewa baadaye. Mkopo ni deni. Na mtaro wa mkopo ukiziba, unazibuliwa kwa fedha gani?

Tunachodai ni kimoja: sehemu ya ushuru wa kuhamisha mali irudi katika baraza la manispaa, mji au wilaya mali ilipo. Iandikwe katika sheria, isiwe hisani ya waziri. Si ndoto hii. Ufaransa, nyumba ikiuzwa, sehemu kubwa ya kodi inakwenda kwa mabaraza ya wilaya zao, na asilimia 1.20 ya bei ni fungu la miji.

Wapo watakaosema: Nungwi na Paje penye mahoteli watashiba, Micheweni walale na njaa. Hoja ya kweli hiyo. Ufaransa fungu la miji mingi ya chini ya watu 5,000 hutiwa katika mfuko mmoja likagawiwa. Nasi tufanye hivyo: nusu ibaki panapouzwa, nusu igawiwe wilaya zenye mauzo machache.

Wengine watasema mauzo hupanda na kushuka. Kweli tena. Mwaka 2023 soko la nyumba la Ufaransa lilianguka, na mabaraza yale yakaona mapato yao yakiporomoka. Kwa hiyo fedha hizi zisilipe mishahara, posho wala mafuta ya magari ya wakubwa. Zichimbe mitaro na kumwaga kifusi. Na kila miezi mitatu hesabu ibandikwe kwa sheha: kimeingia kiasi gani, kimefanya kazi gani.

Sasa nakugeukia wewe. Siku ya kuandikiana ulipoambiwa "andika nusu ya bei", ulicheka ukaandika. Mimi pia nimekaa katika maandikiano kama hayo nikanyamaza. Tulidhani tunamkomoa mkubwa, kumbe hata tukishinda madai haya, nusu ya bei italeta nusu ya mtaro. Lakini mtu hutoa kwa moyo anapoona. Serikali inayotaka bei ya kweli ituoneshe mtaro wa kweli.

Basi akija mtu kukuomba kura, fulana na kofia mwachie mwenyewe. Muulize swali moja tu: stempu ya kiwanja changu imerudi wapi? Akikosa jawabu, mwambie aje masika, tukamsubiri hapa hapa, suruali imekunjwa magotini.