Deni la Hospitali na Nyumba ya Mzee



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wiki iliyopita alinijia mzee mmoja wa hapa Mombasa, mtumishi wa serikali aliyebakiwa na miaka miwili kufikia 60 astaafu. Mkewe aliugua saratani. Mzee alikopa katika chama cha akiba na mikopo, akakopa kwa ndugu, na hospitali bado inamdai zaidi ya shilingi milioni mbili. Ameambiwa kuwa anaweza kuiomba sheria imhesabu muflisi. Lakini kilichomkosesha usingizi ni shauri la jirani: aiandike kwanza nyumba yake kwa jina la mwanawe, ndipo aende.

Kufilisika si fedheha. Imam Muslim amepokea kwa Abu Said al-Khudri habari za mtu aliyepata hasara katika matunda aliyoyanunua, deni likamwelemea. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wamtolee sadaka. Wakatoa, isitoshe. Hapo ndipo wadai walipoambiwa watosheke na kilichopatikana. Na Sura ya Baqara, aya ya 280, inaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda.

Tazameni utaratibu huo: watu walichangishwa kwanza. Sisi tumeugeuza, mgonjwa humwacha na mumewe wakihangaika, kisha tukachanga kwa wingi siku ya mazishi. Sura ya Tawba, aya ya 60, imewataja wenye madeni katika mafungu manane ya zaka. Ni kamati ngapi zetu zinazomkumbuka mwenye deni la hospitali?

Sasa tuje kwenye nyumba. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 juu ya ufilisi imemwekea njia nyepesi mtu asiye na mali ya kuuzwa, ambaye deni lake ni baina ya shilingi 100,000 na milioni nne. Ndiyo maana jirani alitaka nyumba ihamishwe: mzee aonekane hana kitu. Huo ni uongo wa kiapo, na ni kula mali za watu. Mafakihi walikhitalifiana juu ya nyumba ya muflisi: Mashafii wasema huuzwa, na Mahanbali humwachia ile asiyoweza kuishi bila ya hiyo. Hakuna hata mmoja aliyemruhusu kuificha. Na mahkama nayo yaweza kuitangua hiba kama hiyo.

Tena liko jambo ambalo mwanasheria halimhusu. Sheria ya nchi humfungua muflisi, kwa kawaida baada ya miaka mitatu. Lakini kwa wanazuoni wetu, deni lililosalia hubaki katika dhima yake maadamu mwenyewe hajasamehe; akijaliwa uwezo, atalipa.

Kwa hiyo nilimshauri mzee aanze kwa wadai wenyewe, kabla ya mahkama: awapelekee hati ya mshahara na hesabu ya kiinua mgongo chake, aitaje nyumba waziwazi, na aombe kulipa kidogo kidogo kwa maandishi, kama aya ya 282 ya Baqara inavyotuamrisha kuandikiana. Alikwenda Jumatatu. Hospitali haijamjibu. Jina lake nimelifikisha kwa kamati ya zaka, nayo inakutana leo baada ya sala.