KUMUUGUZA NYUMBANI ANAYEACHA HEROINI

(Maelezo ya mazungumzo ya afya kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Kisesa, Mkoa wa Mwanza)



Miongoni mwetu wamo wazazi wenye vijana wanaotumia heroini, ambayo mitaani huitwa unga. Kijana akiacha ghafla hupatwa na hali inayojulikana kama arosto. Huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kutumia mara ya mwisho, huzidi siku ya pili na ya tatu, na aghalabu hupungua kabla ya siku ya kumi. Hupiga miayo, hutokwa na jasho na makamasi, huumwa viungo, hutapika, huharisha na kukosa usingizi. Hayo si mashetani wala ukaidi. Ni mwili unaoidai dawa uliyoizoea.

Anayeuguza nyumbani azingatie yafuatayo:

1. Mgonjwa anywe maji na uji mwepesi kidogo kidogo, mara kwa mara. Akiharisha, apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake.

2. Kwa maumivu, mtu mzima aweza kupewa paracetamol ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Maji ya kuoga ya uvuguvugu husaidia misuli.

3. Asipewe pombe wala vidonge vya usingizi vya kununua ovyo. Vikichanganyika na heroini huzuia pumzi.

4. Asifungwe kamba wala kupigwa. Akae mahali patulivu, na mtu anayemwamini awe karibu.

Apelekwe kituo cha afya mara moja iwapo hashikilii hata maji, hapati mkojo, amechanganyikiwa au ameanguka kifafa. Mjamzito asiachishwe ghafla nyumbani, maana mimba yaweza kuharibika.

Ndugu Wananchi, hatari kubwa kuliko zote huja baada ya arosto kwisha. Mwili hupoteza mazoea katika siku chache tu. Akirudia kipimo chake cha zamani, kipimo hicho hicho chaweza kumwua. Kwa sababu hiyo, kumvusha kijana juma moja si kumponya.

Tiba ya kudumu ipo. Tangu mwaka 2011, ilipoanza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, nchi yetu hutoa methadoni, ambayo mgonjwa hunywa kila siku mbele ya mtaalamu. Kwa Mkoa wetu huduma hiyo hutolewa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure, jijini Mwanza.

Tunawaomba watumishi na viongozi wa vitongoji wawaelekeze wananchi huko bila kuwadhalilisha. Familia inayoficha mgonjwa kwa kuona haya humkosesha dawa ambayo iko karibu.