Kinyozi asinyoe nyusi

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mtu hawezi kukiona kisogo chake mwenyewe, na mwandishi vivyo hivyo hawezi kuyaona makosa yote ya maandishi yake. Jicho lake husoma alilolikusudia, si lililomo karatasini. Ndiyo sababu magazeti na wachapishaji wa vitabu huajiri wahariri.

Lakini je, kinyozi akishamaliza nywele, akaendelea na wembe wake mpaka kwenye nyusi? Hilo ndilo ninaloomba tulitafakari juma hili: mwandishi chipukizi afanye nini anaporudishiwa kazi yake imekatwakatwa hata haitambui?

Nina sababu ya kuuliza. Hivi karibuni alinijia binti mmoja wa Mombasa, mwalimu wa shule ya msingi, na bahasha mkononi. Alikuwa ameandika hadithi yake ya kwanza, kurasa 60, akaipeleka kwa mchapishaji. Ilirudi na kurasa 38, na hizo zilizosalia zimejaa wino mwekundu. "Ami," akaniambia, "hii si hadithi yangu tena. Lakini nikikataa, hawataichapa."

Nikamwambia, "Mwanangu, hebu tuisome kwanza." Tukaisoma, ya kwake na ya mhariri, ukurasa kwa ukurasa.

Tulipomaliza, tuliona kwamba mikato ile si ya namna moja. Mhariri alikuwa ameondoa kurasa nne za mwanzo zilizoeleza safari ya kuvuka kwa feri ya Likoni, na sasa hadithi inaanzia kitandani kwa bibi mgonjwa, pale pale penye jambo. Binti mwenyewe alicheka, akasema kweli feri ile ilichelewa mno kufika. Mikato kama hiyo ni ya kushukuru.

Namna ya pili ilihusu lugha. Bibi wa hadithini ni mtu wa Mvita, na binti alimwandika akisema, "Kitwa chaniuma, mwanangu." Mhariri akasahihisha: "Kichwa kinaniuma, mjukuu wangu." Kiswahili sanifu hakina kosa, lakini bibi yule ametoweka, na mahali pake amekaa msoma taarifa ya habari.

Jambo hili lina historia ndefu kwetu. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kupitia miswada ya vitabu ili lugha yake ifuate usanifu uliojengwa juu ya Kiunguja. Faida yake hatuwezi kuikana. Kitabu cha Tanga kikasomeka Kisumu. Lakini kipimo cha kitabu cha jiografia si kipimo cha kinywa cha bibi kizee. Msimulizi na aseme Kiswahili sanifu, na bibi aachiwe lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Namna ya tatu ndiyo nzito. Katika hadithi ya binti, bibi anakufa bila ya kumsamehe mwanawe wa kiume aliyeuza shamba. Mhariri akawapatanisha, wakalia, wakakumbatiana. Hapo, wasikilizaji, wembe umefika kwenye nyusi. Aliyeandika mwisho ule ni mtu mwingine, na jina litakalokaa juu ya jalada ni la binti.

Mambo haya hayakuanza kwetu. Katika Marekani, mwaka 1957, Harper Lee alipeleka mswada wake wa kwanza kwa kampuni ya J. B. Lippincott. Mhariri wake, mama aitwaye Tay Hohoff, aliona kipaji, akaona pia kwamba riwaya yenyewe haijakamilika. Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili aliuliza, akashauri, akarudisha. Na Lee akaandika upya. Kitabu kilitoka mwaka 1960 kwa jina la To Kill a Mockingbird, na mwaka 1961 kikapata tuzo ya Pulitzer. Mswada ule wa awali ulichapishwa mwaka 2015, na anayevisoma vyote viwili huona umbali aliotembea mwandishi kwa miguu yake mwenyewe.

Upande wa pili, yuko Raymond Carver. Mwaka 1980 mhariri wake, Gordon Lish, alizipunguza hadithi zake, nyingine zaidi ya nusu, na baadhi ya miisho akaibadilisha. Tarehe 8 Julai mwaka huo Carver alimwandikia barua kumsihi asimamishe uchapishaji. Haukusimamishwa. Kitabu kilitoka mwaka 1981, kikasifiwa sana. Carver akafariki mwaka 1988, na hadithi zile kama alivyoziandika zikatoka mwaka 2009, akiwa hayupo kuziona. Wapo wanaosema Lish alizifanya bora. Yamkini. Lakini sifa ya nguo uliyovalishwa kwa nguvu haina raha.

Tofauti ya wahariri hawa wawili si wingi wa wino. Kazi ya Lee pia ilibadilika mno. Tofauti ni kwamba kwa Lee, kalamu ilirudi mkononi mwa mwandishi.

Basi nawaambia chipukizi: mswada ukirudi, usijibu siku hiyo. Uweke siku tatu, hasira ipoe. Kisha yagawe masahihisho: ya makosa, yapokee kwa shukrani, ya ladha, yapime moja moja, yanayogeuza maana, yakatae kwa heshima, kwa maandishi, na kwa sababu. Omba kuona prufu kabla ya mitambo kuanza. Na weka nakala ya kazi yako daima.

Na kwa wahariri: ulizeni kabla ya kukata. Swali moja pembeni mwa ukurasa hufundisha kuliko mistari kumi iliyofutwa, na chipukizi mnayemnyamazisha leo hatawaletea mswada wa pili.

Binti yule ameandika barua. Amezikubali kurasa za feri na masahihisho mengine mengi. Ametetea kitwa cha bibi. Kuhusu mwisho, amesema ni heri hadithi isichapwe kuliko bibi kusamehe kwa amri. Hadi ninapozungumza nanyi, jibu halijafika. Mimi namuunga mkono, hata likija la kukataa.

Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo. Kwaherini.