Dampo la Jirani
Mada kuhusu uchaguzi wa madiwani na maendeleo endelevu ya jiji, iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya uchaguzi wa madiwani. Tungependa ieleweke tangu mwanzo kwamba hatukuja kuwatajia jina la mtu wala la chama. Uamuzi huo ni wa dhamiri ya kila mmoja wenu mbele ya sanduku la kura. Tumekuja kutafakari pamoja nanyi swali moja tu: tunapomchagua diwani, tunamtuma akatufanyie nini? Na ili tusizungumze hewani, tumechukua jambo ambalo kila mama na kila baba aliyepo hapa analijua kwa pua yake mwenyewe, nalo ni taka.

1. Safari ya taka za Dar es Salaam

Wazee wetu watakumbuka Tabata ya miaka ya themanini. Magari ya Halmashauri ya Jiji yalimwaga taka karibu na makazi ya watu. Taka zilipochomwa, moshi uliingia vyumbani. Zisipochomwa, inzi na harufu viliingia badala yake. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu, wakashinda. Halmashauri iliamriwa iache kumwaga taka Tabata na itafute mahali panapofaa. Ikaomba kuongezewa muda, ikapewa, kisha ikaomba tena. Mnamo Septemba 1991 Jaji Lugakingira alikataa. Alishangazwa na mamlaka ya umma kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, naye akakumbusha kwamba Katiba, katika ibara ya 14, inalinda haki ya kila mtu ya kuishi.

Huo ulikuwa ushindi wa haki, nasi tunawapongeza waliousimamia. Lakini tujiulize: baada ya Tabata, magari yalikwenda wapi? Yalikwenda Kunduchi Mtongani. Huko nako waliishi watu. Wakazi zaidi ya 700 wakafungua shauri, nao wakashinda. Magari yakageuza, yakaelekea Vingunguti, karibu na bonde la mto Msimbazi. Vingunguti ilibeba mzigo huo tangu mwaka 1992 hadi 2001. Ikafuata zamu ya Mtoni, upande wa Temeke, na baada ya Mtoni ikawa zamu ya Pugu Kinyamwezi, mbali na katikati ya mji.

Utazameni mwendo huo. Kila mtaa ulipopata nguvu ya kusema hapana, taka zilipelekwa kwenye mtaa ambao bado haukuwa na nguvu hiyo. Mahakama iliweza kuwaokoa wakazi wa Tabata, lakini haikuwa kazi ya mahakama kupanga jiji zima lifanye nini na taka zake. Kazi hiyo ilikuwa ya halmashauri, na halmashauri ni watu tuliowatuma sisi. Na wengi wetu tuliokaa mbali na madampo hayo yote hatukuuliza lolote. Tulilipa ada ya taka, tukafunga lango, tukaona tumekwisha timiza wajibu wetu.

2. Sauti moja kati ya nyingi

Kila kata humchagua diwani wake mmoja. Hilo ni jema, lakini lina hatari yake. Kata inayopokea taka ina diwani mmoja. Kata zinazozitoa zina madiwani wengi. Ikiwa kila diwani ametumwa na watu wake aziondoe taka katika kata yake tu, basi kura itapigwa kihalali kabisa, na kata moja itaumia kihalali kabisa. Hapo hakuna aliyeiba kura wala aliyekula rushwa, na bado jirani yetu ameonewa.

Leo hali ni ngumu zaidi. Mkoa wetu una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, ambalo kabla ya mwaka 2021 lilikuwa Manispaa ya Ilala, pamoja na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Diwani wa Kinondoni hakai hata katika baraza moja na diwani wa upande wa Pugu. Gari likishavuka mpaka wa manispaa, mzigo unahesabiwa kuwa wa wengine. Kwa sababu hiyo, mkazi wa karibu na dampo hana budi kutegemea dhamiri ya wapiga kura wa mbali asiowajua. Wapiga kura hao, ndugu zetu, ndio sisi.

3. Maendeleo endelevu maana yake nini?

Maneno haya tunayasikia mara kwa mara katika semina, hata tumeyazoea kama tunavyozoea mlio wa feni. Maana yake ni nyepesi. Mkulima anayekula mavuno yake ni mtu mwenye busara. Anayekula na mbegu amewanyima wanawe shamba. Mji nao unaweza kula mbegu zake. Bonde likijazwa taka, maji ya mvua yatapita wapi? Mfereji ukizibwa, nani atalala majini? Mnamo Desemba 2011 mafuriko yaliwaua watu wapatao 40 katika jiji hili, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 kipindupindu kilianza tena hapa jijini mwezi Agosti, kikaenea mikoani. Hatusemi kwamba taka peke yake zilileta maafa hayo. Twasema kwamba mfereji ulioziba na maji machafu huyafanya maafa ya namna hiyo kuwa makubwa zaidi, na huwapata kwanza wale wasio na mahali pengine pa kwenda.

Tukumbuke pia kwamba mji unakua. Sensa ya mwaka 1988, mwaka ule ule wa kesi ya Tabata, ilihesabu katika mkoa huu watu milioni 1.36. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 5.38. Tukiendelea kutafuta Tabata mpya kila baada ya miaka kumi, ipo siku hatutaipata.

4. Diwani anaweza nini, na hawezi nini?

Yatupasa kumtendea haki mgombea kwa kumdai kile kilicho ndani ya uwezo wake. Diwani hamiliki greda wala mfuko wa fedha. Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa. Hachaguliwi na madiwani. Kodi ya majengo ilianza mwaka 2021 kukusanywa kupitia malipo ya umeme. Kwa hiyo mgombea anayeahidi kwamba yeye peke yake ataleta lami, maji na hospitali katika mwaka mmoja, ama hajui kazi anayoiomba, ama anadhani sisi hatuijui.

Lakini yapo mambo ambayo ni yake. Baraza la Madiwani hupitisha bajeti ya halmashauri, hutunga sheria ndogo, husimamia mikataba ya wazoa taka, tena huchagua meya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi halmashauri wajibu wa kusimamia taka ngumu. Diwani pia ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Huko ndiko inakoamuliwa shilingi itangulie wapi: kwenye gari jipya la viongozi au kwenye mfereji wa mtaani.

Tusisahau kilichotokea mwaka 1996. Halmashauri ya Jiji ilivunjwa kwa kushindwa kazi, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja hadi mwaka 2000. Watu wengi waliisifu Tume hiyo kwa kusafisha mji na kukusanya mapato. Sifa hiyo yapaswa kutufikirisha. Madiwani waliochaguliwa wasipofanya kazi, wananchi huanza kuona kuwa heri kutawaliwa bila kuulizwa. Basi, anayeichezea kura ya diwani anajenga hoja ya kuondolewa kwa kura hiyo.

5. Nini kitangulie?

Tunapendekeza mambo matatu ya kumwuliza kila mgombea, bila kujali chama chake.

La kwanza: kupunguza taka kabla ya kuzibeba. Zaidi ya nusu ya taka za jiji letu ni mabaki ya vyakula na mazao: maganda ya ndizi, majani ya kabichi, mabaki ya masokoni. Hizi zikitenganishwa huwa mboji. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, ilijenga kiwanda cha mboji huko Mabwepande. Basi jambo hili si ndoto. Tumwulize mgombea: soko la kata yetu litatenganisha taka zake lini, na kwa bajeti ipi?

La pili: matunzo kabla ya ufunguzi. Utepe hukatwa kwenye mfereji mpya. Hakuna anayekata utepe kwa sababu mfereji wa zamani umezibuliwa. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Katikati ya miaka ya tisini wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, walishiriki kwa mikono yao kujenga mifereji na njia za mtaa wao. Walitufundisha kwamba mtaa wa watu wa kipato kidogo unaweza kushirikishwa tangu kupanga hadi kujenga. Tumwulize mgombea ni kiasi gani atatetea kitengwe kwa ajili ya matunzo.

La tatu: haki ya kata inayopokea. Watu wanaoishi karibu na dampo wapate barabara inayopitika, maji salama na uangalizi wa afya kabla yetu sisi tunaowapelekea taka. Wale wanaookota chupa na vyuma juu ya dampo watambuliwe kuwa ni wafanyakazi, maana wanapunguza mzigo wa jiji bila mshahara wa jiji. Tumwulize mgombea: utapiga kura fedha ziende nje ya kata yetu, ikiwa haki inadai hivyo? Tena tumwulize mbele ya watu. Tukimzomea yule anayejibu ndiyo, tutakuwa tumejijibu wenyewe.

6. Baada ya kura

Kura ni ya siku moja. Udiwani ni wa miaka mitano. Mikutano ya Baraza la Madiwani huwa wazi kwa wananchi, lakini viti vya wasikilizaji mara nyingi huwa vitupu. Kila Jumuiya yaweza kupanga zamu, watu wawili waende, wasikilize, warudi na habari. Vilevile tuanze kwetu: shule zetu, kumbi zetu na sherehe zetu za harusi hutoa taka nyingi. Haitupasi kumdai diwani utaratibu ambao sisi wenyewe hatuushiki. Sheria ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ilipoanza tarehe 1 Juni 2019, tulirudi kwenye vikapu vya ukili katika muda mfupi. Tabia hubadilika, ndugu wapendwa, tukiamua.

Wakazi wa Tabata walidai haki yao, wakaipata. Kilichobaki ni kudai haki ya mtu ambaye si wa mtaa wetu. Hiyo ni kura ngumu zaidi kupiga, nasi tunawaomba muipige.



Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Taka za nyumba zetu huishia wapi? Ni nani kati yetu amewahi kufika huko?
2. Ni ahadi zipi tulizopewa na wagombea zilizo ndani ya uwezo wa diwani, na zipi haziko?
3. Je, tuko tayari kumchagua mtu atakayetetea mtaa usio wetu? Kama sivyo, tunaogopa nini?
4. Ni jambo gani moja tutakaloanza kulifanya kuhusu taka kabla ya siku ya kupiga kura?