Kumbukumbu Ikipotea, Mtu Hubaki Nani?



Jubilei ya miaka 100 ni kazi ya kukumbuka. Picha za zamani zimetolewa masandukuni, na wazee wamesimulia waliyoyaona. Lakini wapo wazee wasioweza kusimulia tena, kwa kuwa ugonjwa wa kusahau umewaondolea hata majina ya watoto wao. Kwa hiyo yafaa kuuliza: ikiwa mtu hujengwa na yale aliyoyapitia na anayoyakumbuka, je, akiyasahau yote, bado ni yeye yule?

Swali hili si geni. Augustino, Askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Aljeria, aliandika Maungamo yake miaka 1,600 iliyopita, na katika kitabu cha 10 aliilinganisha kumbukumbu na jumba kubwa ambamo mtu hukutana na nafsi yake mwenyewe. Mwaka 1694 Mwingereza John Locke alikwenda mbali zaidi. Kwake, mtu ni yule yule kwa kadiri fahamu yake inavyoweza kuyarudia matendo yake ya zamani. Hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho, mzee aliyesahau maisha yake si yule aliyeyaishi.

Habari ya Mmarekani mmoja yaonyesha kwamba hoja hiyo haitoshi. Mwaka 1953 Henry Molaison, akiwa na umri wa miaka 27, alipasuliwa ubongo ili atibiwe kifafa kikali. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya za maisha yake. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alibaki mgeni kwake kila walipokutana. Milner alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku baada ya siku mkono ulizidi kuwa hodari, ingawa mwenyewe hakukumbuka kuwa amewahi kuifanya kazi hiyo. Waliomfahamu walimjua kuwa mtu mpole na mwenye adabu hadi alipofariki mwaka 2008.

Basi yale mtu aliyoyapitia humfinyanga hata pale asipoweza kuyasimulia. Ndiyo maana mzee asiyemtambua mjukuu wake aweza kuuimba wimbo wa Kanisa hadi ubeti wa mwisho.

Tena liko jambo ambalo Walutheri wapaswa kulijua kuliko wengine. Aliyebatizwa akiwa mtoto mchanga haikumbuki siku hiyo hata kidogo. Wanaoikumbuka ni wazazi, wasimamizi na daftari la ubatizo. Hata hivyo Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alifundisha kwamba ubatizo humhusu Mkristo kila siku ya maisha yake. Kumbe tangu mwanzo mtu huitwa kwa jina na wengine kabla hajajikumbuka mwenyewe. Aliyepokelewa hivyo mwanzoni hawezi kufutwa mwishoni kwa sababu amesahau.

Neno hili lina wajibu ndani yake. Asisemwe mzee yeyote kwamba “huyo si yeye tena.” Amwendeaye asimtahini kwa kumwuliza, “Unanikumbuka?” bali ataje jina lake mwenyewe, amwite mzee kwa jina lake, na amsimulie habari zake: shamba alilolima, watoto aliowafundisha, kwaya aliyoimba. Apelekewe Chakula cha Bwana nyumbani kama washarika wengine wasiojiweza.

Kitabu hiki cha historia kina majina ya baadhi ya wazee hao. Wao hawatakisoma. Kazi ya kukumbuka kwa niaba yao imekabidhiwa Usharika, na haitakwisha siku sherehe hizi zitakapokwisha.