Usilazimishe Wembe: Ijue Mashine ya Kunyolea Uliyorithi



Jioni hii tuzungumze juu ya kunyoa ndevu. Nyumba nyingine zina mashine ya kunyolea ya zamani, ya chuma, iliyoachwa na baba au babu. Mashine ni nzima, lakini wembe wake haupatikani. Tufanye nini?

Kwanza niwaambie kosa langu. Nilirithi mashine ya namna hiyo. Wembe wa dukani haukuingia. Nikauvunja katikati, nikaushindilia ndani. Nilipoanza tu kunyoa, kipande kikachomoka, kikanichana shavu. Kovu ni hili hapa. Mashine haikuwa mbovu. Mimi sikuijua.

Basi, geuza kichwa cha mashine, uangalie chini na ndani. Soma maandishi. Ni ya Kiingereza, lakini herufi ni zile zile tulizojifunza darasani.

Aina ya kwanza hutumia wembe wenye makali pande mbili. Ukifungua kichwa, utaona katikati vijino vitatu, au kijino kimoja kirefu. Nyingi zimeandikwa Gillette. Mmarekani King C. Gillette alianza kuziuza mwaka 1903. Nyembe za mwanzo zilikuwa na matundu matatu. Wembe wa siku hizi una tundu refu katikati, na mara nyingi unakaa vizuri hata juu ya vile vijino vitatu. Mashine hii usiitupe! Wembe wake ni ule ule wa dukani.

Aina ya pili hutumia wembe wenye makali upande mmoja. Kichwa chake hufunguka kama kifuniko. Utasoma GEM au Ever-Ready. Wembe wake ni mnene, una mgongo wa bati lililokunjwa. Bado unatengenezwa, lakini katika maduka ya kijijini ni vigumu kuupata. Yafaa kuagiza kwa jina. Ukikosa, iweke mashine yako kabatini. Usivunje wembe kama mimi.

Aina ya tatu ni Rolls Razor ya Uingereza. Hukaa katika kisanduku chake cha chuma. Upande mmoja wa kisanduku kuna jiwe la kunolea, upande wa pili kuna ngozi. Wembe wake hunolewa, hautupwi. Basi mashine hiyo iwe ya mtu mmoja tu.

Kabla ya kunyoa, sugua mashine kwa brashi na sabuni, uisuuze. Lowesha ndevu kwa maji ya uvuguvugu, paka povu. Laza mashine kidogo, ifuate ndevu zinakoelekea. Usikandamize. Uzito wa chuma unatosha.

Neno la mwisho ndilo kubwa. Tusichangie wembe, hata baba na mwana. Damu kidogo isiyoonekana kwa macho yaweza kubeba virusi vya Ukimwi au vya homa ya ini. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Wembe uliochakaa utie katika kopo lenye kifuniko, mbali na watoto.

Watu husema wembe ni ule ule. Katika kunyoa, ndugu zangu, tukatae. Mashine turithi, lakini wembe kila mtu na wake.