Mkojo Unapozuiliwa

Somo la leo ni juu ya jambo ambalo wazee wengi huona haya kulitaja: mkojo unaokataa kutoka.

Kwanza tutazame kibofu kizima. Kibofu ni mfuko wa nyama, nao huchukua kadiri ya nusu lita. Kinapojaa, mishipa ya fahamu iliyomo katika kuta zake hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na kutoka hapo mpaka ubongoni. Ubongo ndio mwamuzi. Kama mahali si pa faragha, huamuru, “Ngoja.” Kibofu hutulia na mlango wake hukaa umefungwa. Mahali pakifaa, amri hugeuka: kibofu hujikaza, na wakati uo huo mlango hulegea.

Sasa, kwa wanaume, chini ya kibofu iko tezi inayoizunguka njia ya mkojo. Kwa wengi waliopita miaka 50, tezi hiyo hukua, ikaibana njia. Kibofu hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na baada ya muda nyama yake huwa nene. Mishipa ya fahamu nayo hubadilika, ikawa myepesi kushtuka: huita hata mkojo ukiwa kidogo. Ndiyo sababu moja ya mzee kuamka mara kwa mara usiku, akapata matone tu.

Mwishowe kibofu huweza kuchoka. Hutanuka, na habari zake kwa ubongo hufifia. Mkojo hubaki ndani, kisha hudondoka wenyewe. Msidanganyike! Kudondoka huko si dalili ya njia kufunguka. Huenda kibofu kimefurika, na mkojo uliorundikana waweza kuziharibu figo.

Mkojo ukizuilika ghafula na tumbo la chini likauma, usingoje asubuhi. Nenda hospitali saa ile ile. Watapitisha mpira mwembamba na kuutoa. Baadaye ziko dawa za kulegeza shingo ya kibofu, na upasuaji pia. Jihadharini na baadhi ya dawa za mafua, maana huikaza shingo hiyo. Tezi kukua hivi si saratani, lakini dalili hufanana. Kwa hiyo ni lazima kupimwa.

Basi, wewe usikilizaye, ukimwona baba akisimama chooni muda mrefu, usimcheke wala usinyamaze. Mwulize kwa adabu, umpeleke kwa daktari. Haya hazijapata kumponya mtu. Kwaherini.